Muhtasari wa kurasa 74 na sapu juu yake

SWALI: Shikamoo Dada Wakili. Nasoma sheria mwaka wa pili, niko Morogoro. Muhula uliopita nimepata sapu (mtihani wa marudio) ya Sheria ya Familia, na si kwamba sikusoma. Nilitengeneza muhtasari wangu mwenyewe wa kurasa 74, nikaupaka rangi nne. Lakini nilipokutana na swali la kisa, nikawa nakumbuka hata jambo liko ukurasa wa kushoto au wa kulia, ila sijui niandike nini. Wenzangu wanasema nisijisumbue, kuna desa, yaani noti fupi za kurithishana, la waliotutangulia kwenye grupu la WhatsApp, limefupishwa vizuri. Sapu ni baada ya wiki sita. Muhtasari uwe na kurasa ngapi, nianzie wapi, hilo desa nilitumie? Na rangi zinasaidia kweli?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole na sapu. Mimi nilipata hiyo hiyo, ya somo hilo hilo, na nikikusimulia niliipataje, swali lako la desa litakuwa limejibiwa.

Desa letu tulilitoa kopi steshenari, nje ya geti la chuo. Karatasi arobaini na kitu, wino umefifia kwa kuwa ilikuwa kopi ya kopi. Kwenye mgawanyo wa mali palikuwa na mstari mmoja: kesi ya Bi Hawa Mohamed na mumewe Ally Sefu, kazi za nyumbani ni mchango, mke alipewa mgawo wake. Nikaukariri. Mtihani ukaja na mama wa nyumbani anayedai sehemu ya nyumba ya mumewe. Nilifurahi karibu nicheke. Nikajaza kurasa tatu, nikamalizia kwa kusema kama Bi Hawa alivyopewa, basi na huyu apewe. Mwalimu aliizungushia sentensi hiyo duara jekundu, akaandika pembeni: "Umeisoma hukumu hii?"

Sikuwa nimeisoma. Nilikuja kuisoma likizo, maji yameshamwagika. Ni kweli kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, akiwemo Jaji Mkuu Nyalali, ilisema kazi za nyumbani za mke zihesabiwe kuwa mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kabla ya hapo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika, wengine wanakubali, wengine wanakataa. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu. Mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe aanzishie biashara alizitapanya. Alishinda hoja, akashindwa kesi. Aliyetunga lile desa aliishia kwenye hoja, na sisi tuliokuja nyuma yake tukabeba kosa lake miaka nenda rudi.

Kuna na ubaya mwingine wa madesa, wa umri. Desa lililoandikwa kabla ya 2016 litakuambia kifungu cha 13 na cha 17 vya Sheria ya Ndoa kuhusu umri wa kuolewa kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka huo Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, katika kesi aliyofungua Rebeca Gyumi, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Ukiingia na desa la kale utamwambia msahihishaji kwamba hujui. Kwa hiyo hilo la WhatsApp lipakue, uliweke pembeni. Ukishamaliza la kwako, lipitie kuona kama kuna mada umeiruka. Kesi zisome TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, ziko bure; sisi tulikuwa tunapanga foleni maktaba kugombea kitabu kimoja cha hukumu.

Sasa kurasa 74. Huo si muhtasari, hilo ni daftari umelihamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Nadhani najua pia umelipanga vipi: wiki ya kwanza, wiki ya pili, kama mwalimu alivyofundisha. Nami nilipanga hivyo hivyo. Aliyenitoa huko ni kaka mmoja wa darasani kwetu, mtu mzima kidogo, aliyekuwa karani wa masijala kwenye Mahakama ya Mwanzo kabla ya kuja chuo. Somo zima la Familia alikuwa nalo kwenye karatasi saba, tena kwa mwandiko mkubwa. Nikadhani mvivu. Nilipoziomba nione, kila karatasi ilikuwa na maswali mtupu, na chini ya kila swali mistari miwili au mitatu. Akaniambia pale dirishani kwa karani haji mtu kusema "nina suala la kifungu cha 114." Anakuja mama analia kwamba mume amebadilisha kitasa cha mlango. Karani anauliza: mmefunga ndoa? Cheti kiko wapi? Mmepita baraza la usuluhishi? Nyumba mlijenga lini? Hayo maswali, kwa mpangilio huo, ndiyo muhtasari wake.

Nakuonyesha karatasi ya mali ilivyokuwa, kadiri ninavyoikumbuka, ila mistari ya Bi Hawa nimeongeza mimi baada ya kuunguzwa (kf. ni kifungu cha Sheria ya Ndoa):

Kuna ndoa? Kama hakuna cheti: kf. 160. Wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, watu wanawajua kama mume na mke. Ni dhana tu, inaweza kupingwa. Ikipinduliwa, angalia kf. 160(2), mwanamke na watoto hawaachwi hivi hivi.

Imevunjika? Kf. 107, kuvunjika kusikorekebishika. Kabla ya hapo kf. 101, baraza. Kuna misamaha.

Mali ipi? Kf. 114(1): iliyopatikana ndani ya ndoa kwa juhudi za pamoja. MTEGO: mali ya kabla ya ndoa iliyoboreshwa sana na mwenzake au na wote wawili, kf. 114(3).

Nani alichangia nini? Kf. 114(2)(b): fedha, mali AU KAZI. Bi Hawa 1983. Kanuni: kazi za nyumbani ni mchango. Matokeo: hakupata kitu, alitapanya fedha za biashara. Mume atautumia mstari huu wa pili!

Kisha pima: desturi, madeni ya manufaa ya wote, watoto. Halafu elekea usawa.

Basi. Haijafika ukurasa. Sasa chukua kisa chochote uone inavyofanya kazi. Baba Neema na Mama Neema wanaishi Tandika tangu 2015, hawana cheti. Kiwanja alikinunua Baba Neema akiwa kapera na msingi ulikuwa umeshamwagwa. Mama Neema anauza maandazi, na bati zote zimetoka kwenye hela ya maandazi. Wamegombana, baba anasema kiwanja ni changu. Ukishuka na yale maswali kutoka juu, jibu linajiandika: cheti hakuna, nenda 160, kiwanja ni cha kabla, nenda 114(3), je, kuezeka nyumba ni kuboresha sana? Hapo ndipo pa kubishana, pande zote mbili, na hapo ndipo alama zilipo. Wanafunzi wengi wanaandika nusu ukurasa kuthibitisha kwamba kuna talaka, jambo ambalo hakuna anayelipinga, kisha bati wanazipa mstari mmoja.

Angalia pia nilivyotenganisha kanuni na matokeo kwa Bi Hawa. Fanya hivyo kwa kila kesi, na ongeza ukweli mmoja tu, ule uliobeba uamuzi. Ile kesi ya Donoghue na Stevenson ya 1932 uliyosoma mwaka wa kwanza kwenye somo la madhara (tort), ya mama aliyedai kunywa soda yenye konokono ndani ya chupa, kila mtu anamkumbuka konokono. (Na wala haikuwahi kuthibitishwa mahakamani kama kweli konokono alikuwemo.) Kilichobeba kanuni ni kwamba chupa haikuwa inaonyesha kilichomo, kwa hiyo mnywaji hakuwa na nafasi ya kukagua kabla ya kunywa. Mtihani ukikuletea soda kwenye chupa nyeupe inayoonyesha kila kitu, aliyekariri konokono hana la kusema, aliyeshika chupa anaanza kuandika.

Kurasa ngapi? Sipendi kutaja idadi lakini umeuliza: mada moja isizidi karatasi moja, mbele na nyuma. Wiki nne za kwanza tengeneza karatasi, polepole, kila unapoandika kifungu uwe umefungua sheria yenyewe na si noti. Kumbuka kuandika ni toleo la mwaka gani, maana sheria zetu huchapwa upya na namba za vifungu zinaweza kuhama. Wiki mbili za mwisho usiongeze hata neno. Kazi iwe moja: kaa na karatasi tupu, andika mada nzima kutoka kichwani, halafu fungua ya kwako ulinganishe. Ulipokwama hapo ndipo pa kusoma, pengine pote achana napo. Inauma, kwa sababu kusoma tena na tena kile unachokijua kunapendeza zaidi. Mimi nilikuwa naifanya alfajiri na chai ya rangi, mada moja kwa siku, na siku tatu za mwanzo nilijiona mjinga kabisa.

Mitihani ya nyuma usiiache kwa ajili ya siku ya mwisho. Ukimaliza karatasi ya mada moja, chukua swali lake moja, jipe dakika arobaini na tano, andika kwa mkono. Kama karatasi yako haikukufikisha popote, rekebisha karatasi siku hiyo hiyo. Na diskasheni nendeni, lakini kila mtu aje na karatasi yake. Ile ya kugawana, wewe fanya talaka, mimi nitafanya watoto, kisha tutumiane picha, ni desa jingine, tofauti yake waandishi wake mnawajua.

Kuna jambo hukuliuliza ila nitalisema. Mtihani wako bila shaka ni wa Kiingereza, na huenda unakariri sentensi za Kiingereza usizozitafuna. Mimi maswali yangu yote niliyaandika kwa Kiswahili, kama yule karani, na maneno ya kifungu nikayaacha kwa lugha yake yalivyo. Nikisoma kisa nilikuwa najiuliza kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Wenzangu walinicheka. Lakini kama huwezi kumweleza bibi yako kifungu cha 160 kwa maneno ya nyumbani, hata hicho Kiingereza chake unakiimba tu. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo mazoezi hayo hayapotei.

Rangi: moja inatosha, nyekundu, kwa ajili ya mitego peke yake. Nne ulizoweka zilikupa jioni nzuri, nami nilizipitia, mpaka kijani nikaimaliza na kununua nyingine. Leo jioni chukua zile kurasa 74, tafuta zile za mali, zifunge, na uandike karatasi moja ya maswali bila kuchungulia. Ukikwama kwenye bati za Mama Neema niandikie tena.