Mjusi wa Tendaguru: mfupa upi ni halisi, upi ni nakala?

Ndugu yangu, umeuliza kama mjusi mkubwa wa Tendaguru, yaani dinosaria aliyefukuliwa kwenye kilima cha Tendaguru huko Lindi na anayeonyeshwa katika makumbusho ya Berlin, Ujerumani, ni mifupa ile ile ambayo wazee wetu waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi kati ya 1909 na 1913, au ni ya kutengenezwa. Yote mawili yamo. Miguu yake kwa sehemu kubwa ni mifupa halisi, lakini fuvu na pingili za shingo na mgongo ni nakala, kwa kuwa pingili zenyewe ni nzito na ni rahisi kuvunjika, hivyo haikufaa kuzipandisha kwenye kiunzi chenye kimo cha zaidi ya mita 13.

Ili kupata nakala, fundi huziba kwanza nyufa za kisukuku, yaani mfupa wa kale uliogeuka jiwe, na kukipaka dawa ya kukiimarisha, kisha hukipaka silikoni ya majimaji tabaka kwa tabaka, na ikishaganda kama mpira huizungushia ganda gumu la plasta ili isipoteze umbo. Kalibu hiyo ikibanduliwa huwa imeshika kila mchirizi wa mfupa, hata kitundu kidogo ulimopita mshipa wa damu. Humo humiminwa plasta au resini, na mwisho hupakwa rangi. Siku hizi mfupa huweza pia kupigwa skana na nakala yake kuchapwa kwa mashine.

Kwangu mimi nakala si udanganyifu, mradi kibao kiseme wazi. Tena kalibu moja hutoa nakala kadhaa, na ndiyo maana natamani sana watoto wa Lindi nao wasimame chini ya shingo ile hapa hapa nyumbani.