Wanafunzi wangu kila hadithi wanajibu "tusiwe wachoyo"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha Kiswahili Darasa la Tatu hapa Arusha, maeneo ya Kijenge, nina wanafunzi 68 chumba kimoja. Hadithi wanazipenda; nikisema "Hadithi hadithi!" darasa zima linaitikia. Shida inakuja nikiuliza "Hadithi hii inatufundisha nini?" Wanajibu kwa pamoja: tusiwe wachoyo, tuwatii wazazi, tuwe na umoja. Juzi tulisoma habari ya bibi mmoja aliyejua kusoma dalili za mvua, akawahamisha watu bondeni kabla ya mafuriko. Hamna uchoyo hata punje humo ndani, lakini jibu lilikuwa lile lile. Niwafundisheje kuona funzo kwa mhusika mwenye hekima badala ya kubahatisha? Na wazazi wakiniuliza wafanye nini nyumbani, niwaambieje?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nimecheka kidogo, maana kwaya hiyo naijua. Nimeisikia hapa Moshi miaka mingi, na mwanzoni nilikuwa naifundisha mwenyewe bila kujua. Watoto wako hawabahatishi. Wameshagundua kuwa swali lile lina majibu manne matano ambayo mwalimu huyapokea kwa tabasamu, na ukitaja mojawapo unaruhusiwa kukaa. Si lazima uwe umeisikiliza hadithi.

Kwa hiyo anza kwa kulisogeza swali. Tumezoea kuliuliza hadithi ikiisha, wakati funzo limeshapita zamani, pale mhusika alipokuwa na njia mbili au tatu mbele yake akachagua moja. Mimi napaita njia panda, na watoto hulishika neno hilo upesi. Bibi wa hadithi yako alifika njia panda: yeye ameona dalili, wenzake hawajaona. Angeweza kuhama peke yake kimya kimya. Angeweza kubishana nao mpaka maji yawakute pale pale. Hapo ndipo pa kufunga kitabu, kidole kikiwa katikati ya kurasa, ukauliza: "Ungekuwa wewe ndiye bibi, ungefanyaje?" Usisome mstari unaofuata mpaka wamejibu. Mtoto aliyekwisha kuchagua njia yake ana hamu ya kujua bibi alichagua ipi, na akikuta wamepishana ataanza mwenyewe kuuliza kwa nini.

Nikupe mfano wa darasani. Huku kwetu kuna hadithi ya Kichaga ambayo watoto wengi huja nayo kutoka nyumbani. Mawenzi, kile kilele kidogo cha Kilimanjaro, alizimikiwa moto, akaenda kuomba kwa Kibo, kilele kikubwa. Akamkuta anatwanga ndizi kavu, akapewa moto, akapewa na ndizi za kula. Akarudi mara ya pili, moto umezimika tena. Akapewa. Mara ya tatu Kibo akanyanyua mchi akampiga nao, na ndiyo maana Mawenzi amechongoka-chongoka mpaka leo. Asubuhi hiyo mlima ulikuwa wazi, vilele vyote viwili vinaonekana dirishani, na nilikuwa nimejisifu moyoni kwa kuchagua siku. Nikauliza funzo. "Tusiombe-ombe!" Darasa zima.

Nikarudi nyuma. Nikawaambia: Mawenzi ametoka kwa Kibo, moto anao mkononi, tumbo limeshiba, yuko njiani. Moto ulizimikaje? Katika kusimulia sikuwa nimesema. Kimya. Kisha mvulana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kunyoosha kidole kwake ni kama mwezi kupatwa, akasema: "Mwalimu, aliuzima mwenyewe. Alikuwa anataka ndizi." Wenzake wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Msichana mmoja akasimama bila kuruhusiwa: "Si angesema tu anataka ndizi!"

Ona tulipofika. Tulianza na "tusiombe", tukaishia karibu na kinyume chake: omba, ila omba kile unachokihitaji. Na wamefika wenyewe, kwa kutazama alichofanya mtu akiwa njiani na moto wake.

Baada ya hapo nawapa umbo la sentensi, nalo nakuomba ulibandike ukutani: "Mtu akiwa ..., ni bora ..., kwa sababu ..." Yule msichana alijaza hivi: mtu akiwa na shida, ni bora aitaje shida yenyewe, kwa sababu akizunguka-zunguka atamchosha anayemsaidia. "Tusiwe wachoyo" haliwezi kuingia humo likiwa peke yake. Umbo linamlazimisha mtoto ataje hali, na hali lazima aitoe kwenye hadithi. Akikwama, muulize: "Umeona wapi?" Aonyeshe mstari, au kama ni ya kusimuliwa aseme ni pale fulani alipofanya jambo fulani. Asipoweza kuonyesha, jibu lake hata likiwa zuri kama hotuba ya mahafali, halikutoka humo.

Sasa huyo mhusika mwenye hekima. Hapa kuna mtego, na vitabu vyetu vingine vinachangia: mzee mwenye ndevu anatokea, anasema neno zito, hadithi inaisha. Mtoto anajifunza kwamba hekima ni ndevu. Ndiyo maana napenda kuwapa Abunuwasi, ambaye hana adabu za kutosha kuwa mzee wa kitabuni. (Abu Nuwas alikuwa mtu kweli, mshairi wa Baghdad katika karne ya 8 na mwanzoni mwa ya 9, zama za khalifa Harun al-Rashid, huyu wa hekaya zetu ameshakuwa mtu mwingine kabisa.) Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kasufuria kadogo ndani. "Imezaa." Jirani akapokea vyote viwili kwa furaha. Siku nyingine akaazima tena, hakurudisha. "Pole, imekufa." Sufuria inakufaje? "Ulipoambiwa imezaa, ulikubali."

Waulize watoto njia panda iko wapi. Wengi watakwambia ni kwa Abunuwasi, kwa kuwa ndiye mwerevu. Wape muda. Iko kwa jirani, siku ile aliponyoosha mikono apokee kasufuria ambako alijua si kake. Mwenye hekima katika hadithi mara nyingi kazi yake ni kumfikisha mwenzake njia panda, na funzo tunalipata kwa huyo mwenzake. Mtoto wa Darasa la Tatu akiliona hilo mara moja, hatautazama tena mdomo wa mzee kusubiri methali.

Halafu kutakuwa na mmoja atakayesema Abunuwasi ni mwizi tu, arudishe sufuria ya watu. Usimzime. Huyo ndiye ameanza kutenganisha hekima na ujanja, jambo ambalo Sungura wetu ametuchanganyia tangu utotoni. Mimi huwauliza: baada ya hila yake, nani kabaki na nini? Wabishane. Kipindi cha dakika 40 kikiisha wakiwa bado wanabishana, sijaona hasara.

Nigusie jambo moja la utafiti kwa sababu linahusu uchaguzi wako wa hadithi. Mwaka 2014 Kang Lee wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio kwa watoto wa miaka 3 hadi 7. Watoto waliachwa na kitu cha kuchezea wakiwa wamekatazwa kuchungulia, kisha wakasomewa hadithi, kisha wakaulizwa kama walichungulia. Hadithi za waongo walioadhibiwa, ikiwemo ile ya mvulana aliyezoea kupiga kelele za uongo kwamba mbwa mwitu amekuja, hazikuwafanya waseme ukweli zaidi ya hadithi ya sungura na kobe isiyohusu uongo. Iliyofanya kazi ni ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipokuwa mdogo, aliyekiri kukata mti wa baba yake akasifiwa kwa kukiri. Watafiti walipobadilisha mwisho wake ili naye adanganye na apate adhabu, ile nguvu ikapotea. Fikiria ni hadithi zetu ngapi zinaishia na Fisi kupasuka tumbo. Sisemi uzitupe, Fisi anachekesha. Ila katika wiki, iwepo angalau moja ambamo aliyechagua vizuri tunamwona akifaidika na uchaguzi wake.

Kuhusu 68: usijaribu kusikiliza kila mmoja, utapata kichaa. Ukifika njia panda, wa dawati moja wanong'onezane dakika moja. Kisha kura ya miguu: wanaosema bibi awaambie watu wasimame upande wa dirisha, wanaosema ahame zake wasimame ukutani. Wasikilize wawili watatu kila upande, soma mstari unaofuata. Madaftari ya umbo la sentensi kusanya ya safu moja kila siku, ndani ya wiki umewasoma karibu wote.

Mtihani nao upo, najua, na mwakani watakuwa Darasa la Nne wanakabiliwa na upimaji wa kitaifa. Kwenye maswali ya ufahamu yenye kuchagua herufi, kosa linalorudi ni lile lile: mtoto anachagua jibu lililo kweli maishani lakini halimo kwenye habari aliyosoma. Mwanafunzi aliyezoea kuulizwa "Umeona wapi?" huliruka hilo bila kufundishwa mbinu nyingine yoyote.

Wazazi usiwape kazi ya kufundisha. Waambie wasimulie zile walizosimuliwa wao, jikoni au wakati wa kumenya ndizi, na wakatishe katikati kwa kisingizio chochote: "Ngoja nigeuze chungu. Unadhani akafanyaje?" Basi. Mzazi asiulize funzo kabisa. Baba mmoja aliniambia yeye hadithi hajui hata moja. Nikamwambia asimulie siku aliyopotea sokoni akiwa mdogo, aishie pale alipogundua mkono alioushika si wa mama yake.

Wewe kesho anza na ile ya bibi, kwa kuwa mwisho wanaujua na aibu ya kukosea haipo. Wiki ya kwanza neno "funzo" usiliandike ubaoni.