Kulea mtoto wa mbwa wa kuongoza wasioona: jibu kwa aliyeuliza kutoka Tabora

Mtoa mada ameeleza kwamba anaishi Tabora mjini, kwamba mbwa wake jike anakaribia kuzaa, na kwamba angependa kujitolea kumlea mmoja wa watoto hao ili akishakua amkabidhi jirani yake asiyeona. Waliotangulia wamempongeza, nami naiheshimu nia yake, lakini jibu langu ni kwamba asimkabidhi jirani mbwa huyo kwa kazi ya kumwongoza. Nasema hivyo kwa sababu kazi ya ulezi niliifanya mwenyewe nilipokuwa nasoma Uingereza. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mstaafu aliyekuwa mlezi wa kujitolea, naye akaniandikisha kuwa msaidizi wake, hivyo kumtembeza mbwa asubuhi kabla ya masomo na kumchana manyoya jioni kukawa juu yangu.

Utaratibu wa chama cha huko kinachoandaa mbwa wa kuongoza wasioona ni huu. Kijibwa huletwa akiwa na umri wa wiki 8 hivi, hukaa na mlezi hadi apite kidogo mwaka mmoja, kisha hurudishwa. Chakula na gharama za daktari wa mifugo hulipwa na chama chenyewe; mlezi hutoa nyumba, muda na uvumilivu. Wengi wa mbwa hao ni Labrador, golden retriever au machotara wa aina hizo mbili, na wazazi wao huchaguliwa kwa uangalifu, wakiangaliwa macho, nyonga na utulivu wa tabia. Katika hatua hii peke yake, mbwa wa mtoa mada, ambaye baba wa watoto wake pengine hajulikani, ameshaachwa nyuma, ingawa hilo si kikwazo kikubwa kuliko vyote.

Watu hudhani kwamba mlezi humfundisha mbwa kumvusha mtu barabara. Sivyo. Kazi ya mlezi ni kumzoesha kijibwa mambo ya dunia mpaka yasimshtue wala kumvutia kupita kiasi. Kabla chanjo zake hazijakamilika, tulikuwa tukimbeba mikononi na kusimama naye kando ya barabara ili asikie malori na kunusa moshi, kwa kuwa wiki hizo za mwanzo ndizo ambazo mbwa hujifunza kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopwa, na zikipita hazirudi. Baadaye zilifuata ngazi, lifti, stesheni za treni na maduka yenye sakafu zinazoteleza. Chakula alipewa kwa kupulizwa filimbi, ili popote atakapokuwa akiisikia arudi mbio. Alifundishwa kujisaidia kwa amri, mahali palepale, jambo linaloonekana dogo mpaka umfikirie mtu asiyeona anayetakiwa kuinama na kuokota kinyesi hicho. Hakulishwa kutoka mezani na hakuruhusiwa kumrukia mgeni. Hatukumrushia mpira hata mara moja, kwa sababu mbwa aliyezoea kuukimbilia mpira ataukimbilia hata siku ambayo nyuma yake kuna mtu aliyemshika. Tena, wakati mbwa wa kawaida hufundishwa kutembea sambamba na mguu wa mwenye mbwa, huyu huachwa atangulie kidogo upande wa kushoto, kwa kuwa atakuja kuongoza. Kilichonichosha si mbwa bali wapita njia, ambao kila mmoja alitaka kumpapasa kichwa.

Uongozaji wenyewe huanza baada ya hapo, mikononi mwa wakufunzi wanaolipwa na waliosomea kazi hiyo kwa miaka. Kwa miezi kadhaa mbwa huvishwa mkanda wa kifuani wenye mshiko mgumu, akafundishwa kusimama kwenye ukingo wa barabara, kukwepa tawi ambalo yeye angepita chini yake lakini lingempiga mtu usoni, na kukataa amri ya kwenda mbele pale gari linapokuja. Mbwa hajui njia ya kwenda sokoni wala hasomi taa za barabarani. Anayejua safari ni mwenye mbwa, kwa hiyo naye hufundishwa pamoja na mbwa huyo baada ya kulinganishwa mwendo, kimo na maisha yao. Wapo mbwa waliolelewa vizuri kabisa ambao hawafuzu, na hao hupewa kazi nyingine au hubaki mbwa wa nyumbani.

Shule ya kwanza ya aina hii ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Marekani ilifuata mwaka 1929, Uingereza 1931, na kwa bara letu, Afrika Kusini ina chama chake tangu 1953. Hapa Tanzania hakuna. Mlezi wa Tabora atamaliza sehemu yake, naye hatakuwa na mkufunzi wa kumkabidhi mbwa. Mbwa mwenye adabu ambaye hakufundishwa kuongoza ni hatari kuliko kutokuwa na mbwa, kwa sababu jirani atamwamini.

Niliporudi Tabora nilimlea mbwa wa kawaida kwa utaratibu uleule, kwa udadisi tu. Uingereza tatizo lilikuwa watu kumkaribia mno. Hapa watoto walikimbia au waliokota mawe, na wenye magenge walitufukuza kabla sijaeleza neno. Mbwa wanaozurura walitufuata karibu kila mtaa, na mbwa anayefanya kazi hawezi kuzingatia njia huku mwingine akimbwekea kisogoni. Mitaro isiyofunikwa na bodaboda zinazopita kila upande ni mambo ambayo mbwa angeweza kuyazoea. Msimu wa embe ulinishinda zaidi. Mji wetu una miembe kila barabara, na mbwa anayekatazwa kuokota chochote chini alijikuta anatembea juu ya chakula.

Kuna pia suala la dini, ambalo baadhi ya wachangiaji wamelitaja kwa kejeli, na halistahili kejeli. Waislamu wengi wa hapa wanafuata madhehebu ya Shafi, ambayo mate ya mbwa huyahesabu kuwa najisi, na jirani akiwa mmoja wao ni lazima aulizwe kwanza. Hata hivyo mlango haujafungwa: aya ya 4 ya Suratul Maida inazungumzia wanyama waliofunzwa kuwinda, na mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulimruhusu kijana asiyeona kufika na mbwa wake, akatengewa mahali pa kupumzikia mlangoni.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu asiyeona, nilipomsimulia haya aliniuliza kwanza mbwa huyo anakula nini kwa siku, kisha akasema kwamba kwake fimbo nyeupe haili, haiugui, na hakuna anayeikimbia. Naona yuko sahihi kwa mji ulivyo sasa. Mtoa mada akitaka kumsaidia jirani, na amuulize kama amewahi kufundishwa kutumia fimbo hiyo, maana kupewa fimbo na kufundishwa ni mambo mawili, na Chama cha Wasioona Tanzania ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kuhusu watoto wa mbwa wanaokuja, wasiachanishwe na mama kabla ya wiki 8, wapewe dawa za minyoo mapema, wachanjwe kichaa cha mbwa wakifikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na wakaguliwe kupe masikioni na kati ya vidole. Mmoja akikaa kwako, mlee kwa utaratibu niliouandika, ila filimbi ianze siku ya kwanza ya kula chakula kigumu, kwa sababu akishazoea kuitwa kwa kelele hataijali.