Robo inchi iliyonila inchi saba: kwa anayeanza mikanda ya Kiseminole

Ukanda wangu wa kwanza wa Kiseminole, yaani utepe wa mapambo ulioungwa kwa vipande vya kitambaa, ulitakiwa uwe na urefu wa inchi 60, utoshe pindo la mfarishi wa mtoto. Nilihesabu vipande, nikashona siku mbili, nikapiga pasi, nikautandaza mezani. Inchi 53 na kidogo. Nikapima tena nikidhani futi imejikunja. Haikujikunja.

Nakuandikia wewe unayejua cherehani lakini hujawahi kushika kazi hii. Kama ndiyo kwanza unajifunza kutia uzi sindanoni, anza na foronya, utatukuta hapa hapa.

Waseminole na ndugu zao Wamiccosukee ni wenyeji wa Florida, Marekani. Walipigana vita vitatu na jeshi la Marekani, cha mwisho kikaisha 1858, na wachache waliosalia wakabaki kwenye vinamasi vya Everglades. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wao walianza kupata cherehani za mkono kwa wafanyabiashara waliokuwa wakinunua ngozi za mamba na manyoya ya ndege. Nyumba yao, chickee, haina kuta: nguzo, sakafu iliyoinuliwa, na paa la majani ya jamii ya mnazi. Mtu wa pwani akiiona atasema ni banda la makuti. Humo ndimo mama alikaa, mkono mmoja ukizungusha gurudumu, mwingine ukiongoza kitambaa. Mwanzo walishona mistari mitupu. Kufikia miaka ya 1920 walikuwa wakiikata mistari hiyo na kuiunga upya kuwa michoro ya mvua, umeme na moto. Barabara ya Tamiami Trail ilipofunguliwa 1928 na kupasua kinamasi, watalii wakafuata, na sketi na majaketi hayo yakawa riziki.

Sketi na majaketi, sikusema mifarishi. Mikanda hii ni ya nguo. Washonaji wengine ndio walioiazima wakaitia kwenye mifarishi, na jambo hilo lina faida zake na matata yake, nitayagusa mbele.

Siri yote ni kwamba hushoni vijipande vidogo kimoja kimoja. Unashona pamoja mistari mirefu ya kitambaa, unaikata kwa kukingama, kisha unaunga upya. Chukua mchoro rahisi kuliko yote, wa miraba iliyosimama kwa pembe. Kata mistari mitatu: wa kati wenye upana wa inchi moja na nusu, na wa juu na wa chini wa inchi mbili kila mmoja. Iunge kwa mishono ya robo inchi, upate kitambaa cha inchi nne na nusu. Sasa kikate kwa kukingama, kila kipande inchi moja na nusu. Ukiunga vipande hivyo, kila kimoja kishushe hatua moja: mshono wa chini wa mraba wa kipande cha kwanza ukutane na mshono wa juu wa mraba wa kipande cha pili. Utapata ngazi. Igeuze ngazi ilale, na miraba itasimama kwa pembe kama almasi. Kata kingo za juu na chini robo inchi nje ya ncha, ukanda umekamilika.

Hesabu yake hii hapa. Mraba ukishashonwa pande zote unabaki inchi moja. Ukisimama kwa pembe unachukua inchi 1.41 za urefu. Kwa ukanda wa inchi 60 unahitaji vipande 43, na mimi huongeza viwili vitatu. Mara inchi moja na nusu, ni zaidi ya inchi 64 za mistari iliyoungwa, na kitambaa cha kawaida kina upana wa inchi 44 au 45. Kwa hiyo shona seti mbili, usijidanganye na moja.

Sasa turudi kwenye inchi saba zangu. Mimi nimelelewa kwenye ufundi wa nguo, ambako mshono mpana ni heshima. Mteja akinenepa, unafumua, unapanua, anakushukuru. Robo inchi kwangu ilikuwa "karibu robo", na kumbe nilikuwa nazidisha moja ya kumi na sita ya inchi kila mshono. Ni unene wa sarafu. Lakini mshono unakula kitambaa pande zote mbili, kwa hiyo kila mraba ulipoteza moja ya nane ya inchi, ukabaki saba ya nane. Kwenye gauni lenye mishono minne hakuna atakayejua. Kwenye vipande 43 kosa lile lile linarudiwa mara 43, na halikusamehe hata mara moja.

Basi kabla ya kukata kitambaa chako kizuri, kata vijistari vitatu vya inchi moja na nusu kutoka kwenye mabaki, viunge, piga pasi, pima wa katikati. Ukiwa inchi moja kamili, endelea. Ukipungua hata uzi mmoja, sogeza sindano au bandika utepe wa karatasi kwenye bamba la cherehani uwe ukuta wa kitambaa, ujaribu tena. Usiamini mistari iliyochorwa kwenye bamba. Na ukishaanza kazi usibadilishe cherehani katikati, hata ya jirani iwe nzuri vipi.

Mishono iwe mifupi, kama 12 kwa inchi, maana unapoikata kwa kukingama ncha zote zinabaki bila kufungwa, na mshono mrefu unafunguka mikononi.

Pasi nayo ina akili yake. Laza mishono yote miwili kuelekea mstari wa kati. Ukishusha kipande hatua moja, mshono mmoja utakuwa umelala juu na mwenzake chini, watashikana kama meno, na ncha zitakutana zenyewe bila pini. Mimi nililaza yote upande mmoja kwa miezi kadhaa, nikalaumu macho. Na pasi ibonyezwe, isiburutwe. Ukiburuta, mstari ulionyooka unageuka upinde.

Kuhusu kitambaa: pamba tupu isiyoteleza, rangi zinazopingana kweli kweli. Najua utatamani kutumia kitenge. Mimi nilitamani. Lakini ua kubwa la kitenge likikatwa inchi moja haliwi ua tena, linakuwa doa, na mchoro unazama. Kitenge kiwe pembeni, rangi moja iwe ndani. Nyekundu iloweke kwanza pamoja na kipande cheupe. Kama inachuja, ni bora ujue sasa kuliko mfarishi ukiwa umeshafuliwa.

Wengine hupenda kuchana mistari badala ya kukata, kama muuza vitambaa anavyotia mkasi kidogo kisha anavuta, chaa! Ni njia ya uhakika ya kufuata uzi. Kwa mistari ya inchi mbili inakubalika ukipiga pasi kingo, lakini kwa mikono mipya na mistari myembamba, kisu cha gurudumu na rula nzito vitakuokoa.

Matata niliyosema ni haya. Ukishakata kingo za ngazi, zote mbili ni hanamu, yaani zimekatwa mshazari na uzi wa kitambaa, na hanamu inavutika. Ukiushika ukanda juu ukautingisha kumwonyesha mtu, umeshaongezeka urefu. Uache kingo zake bila kukata mpaka mstari wa kitambaa utakaopakana nao uwe tayari. Kisha pima mstari huo kwa ukubwa wa mfarishi, ubandike ukanda juu yake kwa pini, na ukate ukanda ufuate mstari, kamwe usifanye kinyume. Shona ukanda ukiwa chini, upande wa meno ya cherehani, ili meno yameze ziada yake.

Miisho ya ukanda itakuwa imekaa mshazari. Usikate mshazari huo utupe, unapoteza vipande. Kata ukanda wima mahali popote katikati, kisha badilisha nafasi: miisho miwili ya mshazari iungane, na ule mkato wima uwe ndio mwanzo na mwisho. Nilipoonyeshwa hili nilicheka peke yangu.

Ukifika hatua ya kuuza, uite kwa mtindo wake, mikanda ya mtindo wa Kiseminole iliyoshonwa na wewe. Marekani kuna sheria ya 1990 inayokataza kuuza kazi kwa kudai imetengenezwa na wenyeji wa Marekani wakati si kweli, na adhabu yake si ya mchezo. Ukiwa Florida na unataka kuona kazi zao wenyewe, makumbusho ya Ah-Tah-Thi-Ki yapo Big Cypress, ndani ya ardhi ya Waseminole. Nenda na daftari, angalia upana wa mistari. Mingine ni myembamba kuliko kidole, na imeshonwa kwa mkono mmoja tu kwenye kitambaa.