Hita ya Ex kwenye chumba cha thina: sta au delta?

SWALI

Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni fundi umeme, kazi zangu nyingi ni mota na taa za kiwandani. Sasa nimepewa hita ya kuzamisha, ifungwe kwenye tangi la rezini ndani ya chumba cha kuchanganyia rangi. Humo kuna tolueni na waiti spiriti, na mlangoni wamebandika "Zoni 1", yaani mvuke unaolipuka unaweza kuwepo hata kazi ikienda kawaida. Kibati cha hita kimeandikwa Ex db IIB T3 Gb (Ex ni alama ya vifaa vya mahali penye hatari ya mlipuko), kilowati 18, elementi tatu. Umeme wetu ni fezi tatu, volti 400. Msimamizi anataka rezini ifike nyuzi 60 haraka, ameniambia nipige delta. Themostati imekuja moja. Je, kwa kuwa hita yenyewe ni ya Ex, naweza kuiunga kama hita nyingine yoyote? Na delta ina shida gani?

JIBU

Habari ni njema, fundi. Nianze na hiyo delta, maana mengine yanaweza kusubiri dakika tano, hiyo haiwezi.

Usiunge chochote kabla hujapima elementi. Hita ikiwa bado karakana, mbali na chumba hicho, fungua kifuniko, ondoa vibati vinavyounganisha terminali, weka mita kwenye ohm, pima elementi moja moja. Elementi ya kilowati 6 iliyotengenezwa kwa volti 230 itakusomea ohm 8.8 hivi. Ya kilowati 6 iliyotengenezwa kwa volti 400 itasoma karibu ohm 26.7. Ya kwanza huungwa sta (ncha moja ya kila elementi hukutana sehemu moja), ya pili huungwa delta (kila elementi hukaa kati ya fezi mbili). Tofauti ni mara tatu, hata mita iliyochoka haiwezi kuikosa. Kibati hufutika, na mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko nimeshaukuta ni wa hita nyingine kabisa. Ohm haziazimwi.

Tuseme umepata 8.8, kisha ukamsikiliza msimamizi. Kwenye sta kila elementi ilikuwa inapata volti 230. Kwenye delta inapata 400. Nguvu ya hita hupanda kwa mraba wa volti, kwa hiyo kila elementi inaruka kutoka kilowati 6 hadi 18, na hita nzima kutoka 18 hadi 54. Ampea za kila fezi zinatoka 26 hadi 78. Breka ya 40 itatoka baada ya muda mfupi, na hapo ndipo kosa la pili huzaliwa: mtu anasema breka ni mbovu, anaweka ya 100.

Najua mazoea ya mota yanakuvuta upande mwingine. Kwenye mota kubwa tunawasha kwa sta, halafu tunaipeleka delta ndiyo ifanye kazi yake, basi fundi anabaki na picha kwamba sta ni mwendo wa kuanzia tu. Hita haina mwendo wa kuanzia. Ukiipa volti isiyo yake inazipokea zote na kuzigeuza joto, hailalamiki mpaka iungue. Ukikosea upande wa pili, yaani elementi za 400 ukaziunga sta, utapata theluthi ya nguvu tu: kilowati 6, rezini inachelewa, msimamizi ananuna. Hilo ni kosa la kuishi nalo.

Sasa turudi kwenye kibati, maana jibu la swali lako kubwa liko pale. T3 maana yake ni kwamba hakuna uso wa hita unaogusa hewa ya chumba utakaozidi nyuzi 200. Mvuke wa tolueni hauwaki wenyewe mpaka joto lipite nyuzi 480, lakini waiti spiriti huhitaji joto la juu kidogo tu ya nyuzi 200 ili uwake bila cheche yoyote. Rudia hayo maneno: bila cheche. Sisi mafundi wa umeme tumefundishwa kuogopa cheche, na kwa swichi au mota hofu hiyo ni sahihi. Hita ni kifaa kinachotengeneza joto kwa makusudi, na joto peke yake linatosha kuwasha. Mtengenezaji aliyeandika T3 aliipima ikiwa na kilowati 18, imezama, na vikata joto vyake vinafanya kazi. Waya zako zikibadilisha lolote kati ya hayo, herufi zimebaki kwenye kibati lakini hita imekuwa nyingine. Kwa hiyo hapana, huwezi kuiunga kama hita yoyote.

Yaliyobaki kwenye kibati ni mepesi. Gb inakuruhusu Zoni 1. IIB ni kundi la gesi. Viyeyusho vyako viwili ni IIA, kundi jepesi zaidi, kwa hiyo uko sawa. Haidrojeni na asetilini ni IIC, hita hii isikae nazo. Wakileta etha siku moja, T3 haitoshi tena, inatakiwa T4, ambayo kikomo chake ni nyuzi 135. Kama kwenye chumba kuna vumbi linalolipuka, tafuta hita yenye herufi za vumbi, kundi III. Hizi za gesi hazikuhusu huko. Halafu tazama mwisho wa namba ya cheti. Ukiona herufi X, kuna masharti maalumu ndani ya cheti chenyewe, na kwa hita mara nyingi sharti ni joto ambalo kikata joto lazima kiwekwe. Omba cheti, usome. Kibati hakikuelezi hilo.

Boksi la terminali ni Ex d (ndiyo ile db ya kwenye kibati), na watu wengi wanalielewa kinyume. Wanadhani linazuia gesi isiingie. Gesi inaingia. Boksi limetengenezwa likijua hilo: mvuke ukiwaka humo ndani, kuta zinahimili mlipuko, na moto unapotoka kupitia nafasi nyembamba kati ya kifuniko na boksi, chuma kinaupoza hadi ukifika nje hauna nguvu ya kuwasha chochote. Ile nafasi nyembamba, zile nyuso mbili za chuma zinazogusana, ndiyo kinga yenyewe. Niliwahi kufungua boksi la namna hii ambalo fundi aliyetangulia alilipaka silikoni pande zote ili maji yasiingie, kazi safi kabisa ya kutazama. Silikoni ilikuwa imeganda na kuinua kifuniko, kiasi kwamba kucha yangu ilipita kwenye upenyo. Bolti nne kati ya nane hazikuwepo. Usipake chochote kinachoganda, usiweke gaskiti isiyokuja na boksi, usisugue nyuso hizo kwa msasa. Grisi nyembamba isiyoganda, ile mtengenezaji anayoikubali, inatosha. Bolti zote zirudi, za daraja lile lile. Na kama kifuniko ni cha flanji, bomba au ukuta usikaribie ule mwanya kwa chini ya milimita 30 kwa kundi IIB, kwa sababu moto unaotoka unahitaji nafasi ya kupoa.

Usitoboe boksi. Hata tundu moja.

Glandi, ile inayoishika kebo inapoingia kwenye boksi, iwe ya Ex d yenye cheti, na thredi yake ifanane na ya boksi. Hapa napoteza uvumilivu, kwa sababu kosa hili liko kila mahali: boksi lina thredi ya NPT (ya Kimarekani), fundi ana glandi ya milimita, anaikaza kwa spana mpaka inashika. Imeshika kwa thredi mbili zilizopondeka. Zinatakiwa angalau tano kamili. Kama hazifanani, tumia adapta yenye cheti, na moja tu, usipange adapta juu ya adapta. Kebo nayo iangalie kwa ndani: ikiwa si ya duara iliyojaa vizuri, au haifiki mita 3 hadi boksi linalofuata, weka glandi ya kumiminia kompaundi. Unafumua waya ndani ya glandi, unamimina, unasubiri igande kabisa kabla ya kuwasha. Tundu lisilotumika lizibwe kwa plagi ya chuma yenye cheti; kile kifuniko cha plastiki kilichokuja nacho ni cha kuzuia vumbi safarini.

Mfumo wa Marekani unafika pale pale kwa njia nyingine, mabomba ya chuma yenye sili ya kumimina ndani ya milimita 450 kutoka kwenye boksi. Chagua mfumo mmoja na uufuate hadi mwisho, kuchanganya nusu kwa nusu ndiko kunakoleta matundu.

Kebo ya PVC ya kawaida imetengenezwa kwa nyuzi 70. Joto la tangi hupanda kupitia flanji hadi kwenye boksi, na penye glandi likizidi nyuzi 70 mtengenezaji analazimika kuandika aina ya kebo inayohitajika. Tafuta maandishi hayo. Mimi hupendelea waya za silikoni ndani ya boksi hata pasipoandikwa, kwa sababu nimeona PVC iliyogeuka kahawia na kukatika kama biskuti ukiigusa. Kaza terminali kwa toki iliyotajwa. Terminali iliyolegea ni elementi ya nne ambayo hukuinunua.

Themostati moja haitoshi. Hiyo ni ya kuendesha: inawasha na kuzima ili rezini ikae nyuzi 60. Ikigoma, au kontakta yake ikishikana, nani atazima? Weka kikata joto cha pili, chenye sensa yake iliyofungwa kwenye ala ya elementi (bomba la chuma linaloifunika), kwenye sehemu ya juu inayobaki wazi rezini ikipungua. Kiwe cha kurudishwa kwa mkono, kisijirudishe chenyewe, na kiangushe kontakta yake peke yake, iliyopangwa mfululizo na ile ya themostati. Kama mnatumia relei ya elektroniki kuendesha hita, fahamu kwamba relei hizo zikifa mara nyingi hufa zikiwa zimefunga, hita inabaki imewaka. Kikata joto kisipitie humo. Ongeza swichi ya kina inayokata umeme kabla rezini haijafika usawa wa elementi. Na umweleze msimamizi kwamba rezini nzito haisambazi joto kama maji: inakaa palepale imeng'ang'ania elementi, inaungua juu yake, na ala inazidi kupanda joto. Akitaka haraka, aweke kikoroga au hita yenye elementi ndefu zaidi. Haraka haipatikani kwa delta.

Upande wa kuvuja umeme, weka RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya miliampea 30 ikiwezekana, isizidi 100. Utakutana na tatizo hili: hita iliyokaa stoo muda mrefu ikiwashwa mara ya kwanza inaangusha RCD, na fundi anairuka RCD ili kazi iende. Ndani ya elementi kuna unga wa oksidi ya magnesi unaovuta unyevu wa hewani kama chumvi. Pima kwa mega (mita ya kupima kama umeme unavuja kupitia kinga yake) kwa volti 500, hapo hapo karakana, kati ya kila elementi na ala yake. Chini ya megaohm 1 usiifunge. Ikaushe kama mtengenezaji anavyoelekeza, kisha upime tena. Mega yenyewe ina uwezo wa kutoa cheche, kwa hiyo kupima ndani ya chumba kile ni mpaka gesi ipimwe na kibali kiandikwe. Ethi ifungwe ndani ya boksi na nje yake, na tangi liungwe kwenye mfumo huo huo.

Paneli yako, pamoja na kontakta na RCD, ikae nje ya zoni. Mvuke wa tolueni ni mzito mara tatu kuliko hewa, unatambaa sakafuni na kuingia kwenye mfereji wa kebo kama maji. Mfereji ukiishia chini ya paneli, umeupelekea mvuke mahali penye cheche. Jaza mchanga, ziba tundu la ukutani kwa kompaundi.

Siku ya kuwasha, chumba kimepimwa gesi, kifuniko kimefungwa na bolti zote, wewe simama kwenye paneli na klampu mita. Kwanza jaribu vikata joto na swichi ya kina, kimoja kimoja, uone kontakta zinaanguka kweli. Kisha washa, pima fezi zote tatu. Zikisoma 26, 26, 26, andika kwenye karatasi na ubandike ndani ya mlango wa paneli. Umeme wenu ukiwa 415 zitapanda hadi 27, hiyo ni kawaida. Ikisoma 78, zima, funga kufuli kwenye swichi kuu, subiri hita ipoe, kisha rudi ukahesabu vibati vya terminali.