Choma mapema, nyasi zikiwa bado mbichi chini

Sisi wa kamati za maliasili za vijiji huku Kilwa tunajua kwamba misitu yetu ya miombo itaungua tu. Asipowasha mrina asali atawasha mwindaji, na asipowasha mwindaji atawasha mtu anayesafisha shamba la ufuta mwezi wa kumi. Kwa hiyo kijiji kinachoanza kutunza msitu wake kisikae kungojea moto kichaa. Tangulieni kuchoma wenyewe.

Tarehe msiiamini sana, kwa sababu masika hayaishi siku ileile kila mwaka. Mimi naangalia nyasi. Shika bua ulivunje: juu likikatika kwa mlio, na karibu na shina likapinda tu bila kukatika, wakati umefika. Kwetu huwa ni mwezi wa sita hadi wa saba. Washeni kuanzia saa kumi jioni, upepo ukianza kutulia, mkianzia barabarani na kwenye njia za miguu. Moto unatambaa kimo cha goti, unaruka penye majani mabichi, na usiku umande unauzima. Unabaki msitu wenye mabaka mabaka, na moto wa kiangazi ukija unakosa pa kupita.

Moto wa mwezi wa kumi una ukatili wake. Unaua miche ya mpingo, unapanda matawini, unaingia kwenye magogo yaliyolala na miti yenye mapango, na humo unafukuta kwa siku kadhaa. Hewa ukaa inayotoka nyasi zikiungua hunyonywa tena na nyasi mpya mvua zikinyesha. Ya gogo lililochukua miongo kukua hairudi upesi hivyo. Na moshi hubeba pia methani na naitrasi oksidi, gesi zinazopasha dunia joto kuliko hewa ukaa, kilo kwa kilo. Wenyeji wa Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, huhesabu gesi hizo mbili: kuanzia mwaka 2006 walilipwa kwa miaka mingi na kampuni ya gesi ya Darwin kwa kuchoma mapema, wakipunguza kiasi kinacholingana na takribani tani 100,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Kazi ni hiihii yetu.

Lakini mabonde yenye maji yaacheni. Nyasi zake mbichi huungua nusunusu, na moshi wa namna hiyo ndio wenye methani nyingi.

Kibali kichukuliwe kwanza, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakitaka, na majirani waambiwe nyumba kwa nyumba. Miezi hiyo ufuta uliokatwa unakuwa umesimamishwa shambani ukikauka. Karibu na shamba ambalo halijakung'utwa, msiwashe kabisa. Posho za wachomaji nazo zipitishwe kwenye mkutano wa kijiji mwezi wa nne. Zikifika mwezi wa nane, nyasi zitakuwa zimeshakauka hadi shinani.