Ukichora dawa za kupunguza uzito, acha tumbo pembeni

Mhariri akileta makala kuhusu Ozempic au Wegovy, mkono hukimbilia futi ya fundi, mizani, au mtu mnene aliyekatwa kichwa. Vyote vinasema mwili, ilhali makala inauliza nani anapata dawa na nani anakosa. Huyo asiye na kichwa ndiye mbaya zaidi: msomaji mwenye tumbo kama lile anajiona kaanikwa.

Anza kwa kuandika sentensi moja isiyo na neno "unene". Kisha chora vijipicha kumi na viwili, visizidi sentimita tano, kwa kalamu nene ili usipate pa kurembesha. Vinne vya kwanza kwa kawaida vimeshachorwa na kila mtu. Vitupe.

Chukua uhaba wa Marekani. Ozempic iliidhinishwa huko 2017 kwa kisukari cha aina ya pili; Wegovy, yenye kiambata kilekile kiitwacho semaglutide, ikafuata 2021 kwa uzito. Tangu 2022 semaglutide ilikuwa kwenye orodha ya dawa adimu, na upungufu haukutangazwa kwisha hadi Februari 2025. Sentensi: "Shuka moja, walalaji wawili." Ukiwalaza ubavu kwa ubavu, msomaji ataona mke na mume waliogombana. Walaze mzungu wa nne, shuka limekazwa katikati, miguu ya wote iko nje. Kipimo cha sukari kiwe kwenye mkono wa mmoja tu.

Suala la kuacha dawa lina picha tamu zaidi. Katika utafiti mmoja wa semaglutide, walioacha walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito uliopungua ndani ya mwaka. Chora gauni lililogeuzwa ndani nje. Fundi amelipunguza lakini hakukata kitambaa. Amekikunja pembeni na kukishika kwa pini nne za mwezi mmoja, maana sindano ni moja kwa wiki. Pini ya nne ianze kuchomoka. Ukunjo uupe rangi nzito kuliko gauni, la sivyo utaonekana kivuli tu.

Sindano yenyewe isiwe bomba lenye tone nchani. Hiyo watu wanaisoma chanjo, au unga. Dawa hizi za sindano huja kwenye kifaa kinene kama kalamu. Kama unachora kile cha kuzungusha ili kupanga dozi, onyesha kitufe na kidirisha cha namba, vinginevyo ni maka peni.

Mwisho, punguza picha hadi sentimita tatu kwenye simu, mwonyeshe asiyesoma makala, muulize nini kinatokea. Akijibu "mtu anakonda", rudi kwenye vijipicha.